Puliza, Usisukume

Tarehe 3 Machi

Masika yameingia leo kwa kishindo. Mwanafunzi wangu wa asubuhi, mhasibu mmoja mwenye shingo ngumu kuliko usukani wenyewe, alitaka kuwasha waipa akawasha indiketa, kisha akapiga honi, kisha akaiomba honi radhi. Gari letu la shule ya udereva lina breki mbili, yake na yangu. Ya kwangu nimeikanyaga mpaka mguu umevimba. Tumbo limeanza kugusa dashibodi, na bosi ananitazama kwa jicho la pembeni, lakini bado nafundisha.

Mume wangu ameniuliza kwa nini nimeanza kuandika. Nimemjibu kwamba nikisema kwa mdomo nalia. Naogopa kuzaa. Basi, nimeshaandika.

Tarehe 5 Machi

Niseme yaliyotokea, nisije nikajidanganya huko mbele. Nilipomzaa binti yangu Chiriku miaka minne iliyopita, nilichanika vibaya. Msamba ni lile eneo dogo kati ya njia ya uzazi na njia ya haja kubwa, na kabla ya siku ile sikujua hata kama lina jina. Wangu ulipasuka mpaka kwenye misuli inayozuia haja. Daktari alinishona vizuri, Mungu ambariki. Lakini kwa karibu mwaka mzima sikuweza kuzuia upepo, na mara nyingine hata zaidi ya upepo. Nilifundisha nikiwa nimekalia mto, madirisha wazi hata siku za baridi. Wanafunzi walidhani napenda hewa safi.

Nilipona kwa mazoezi na kwa machozi. Daktari wa hospitali kubwa amenipima tena wiki iliyopita. Anasema misuli imeunga vizuri, kwa hiyo njia zote mbili ziko wazi, upasuaji au njia ya kawaida, na uamuzi ni wangu. Anataka jibu kabla Aprili haijaisha. Mimi ambaye kutwa nzima nawaambia watu wakate kushoto au kulia, hapa nimesimama katikati ya barabara.

Tarehe 6 Machi

Mvua. Nguo hazikauki.

Tarehe 12 Machi

Alhamisi, kliniki. Mkunga anayetuhudumia sisi tulioumia uzazi uliopita ni mgeni kwangu. Wanawake wanamwita Kimya, na jina limempata. Anapima tumbo bila neno, anaandika, anakutazama, anaandika tena. Nilimsimulia mkasa wangu wote nikitegemea walau pole. Akauliza, "Walikwambia usukume huku umebana pumzi?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mh."

Mh! Nimerudi nyumbani nimefura. Mtu unammwagia moyo wako mezani, naye anaupima kama kilo ya sukari.

Tarehe 13 Machi

Mhasibu ameingia kwenye mzunguko wa barabara kwa mara ya kwanza. Ametoka salama, ila kwa njia ile ile aliyoingilia.

Tarehe 19 Machi

Kumbe Kimya anaongea. Ana darasa baada ya kliniki, tunakaa kwenye mikeka na matumbo yetu mbele kama mizigo ya stesheni. Leo alikuja na mwanasesere na sweta ndogo ya mtoto, yenye shingo ya kubana.

"Nani hajawahi kumvisha mtoto sweta hii?" aliuliza. Tukacheka. "Ukiivuta kwa pupa?"

"Inachanika!"

"Ukienda nayo taratibu?"

"Inapita."

Akaonyesha. Kichwa cha mwanasesere kilipofika shingoni aliacha kuvuta, akasubiri, uzi ukatanuka. Akasema kichwa cha mtoto kikianza kutoka, hapo ndipo mama anapaswa kuacha kusukuma. Anapuliza, kama anayepoza chai. Mkunga anaushika msamba kwa kitambaa kilichokamuliwa maji ya moto, na kwa mkono wa pili anazuia kichwa kisirushwe nje. Ukiweza kulala ubavu, lala ubavu. Mama mmoja akauliza kuhusu kuongezewa njia, ule mkasi. Kimya akasema mkasi una siku yake, lakini haufai kuwa mazoea.

Nikanyoosha mkono. "Unaniahidi kwamba nikifanya yote hayo sitachanika?"

"Siahidi," akasema. "Napunguza."

Niliudhika. Lakini njiani niligundua kwamba hiyo ndiyo kauli ya kwanza niliyoiamini tangu nipate mimba hii.

Tarehe 2 Aprili

Kimya amesema tulio mwishoni tuanze kukanda msamba: mikono safi, kucha fupi, mafuta safi ya mimea, vidole gumba, dakika chache, mara chache kwa wiki, na usikande kwa nguvu. Sawa, lakini kwa tumbo hili mikono yangu haifiki hata kwenye kamba za viatu. Ikabidi nimwambie mume wangu. Yeye ni mpishi wa hoteli, kucha zake fupi kwa amri ya kazi, na mikono huiosha mpaka kwenye viwiko.

Alinisikiliza kwa makini, akaenda jikoni, akarudi amekumbatia chupa. "Alizeti, ufuta au nazi?"

"Kwani unataka kunikanda au kunikaanga?"

Tulicheka mpaka Chiriku akagonga mlango kuuliza nani amechekesha. Baadaye, alipoanza, alisita akaiweka chupa chini. Aliniambia kwamba siku ile ya kuzaliwa Chiriku alikuwa kwenye korido na ndugu zake, na kila waliposikia "sukuma" ndani, nao waliitikia "sukuma" nje na kupiga makofi, kama wako uwanjani. Hakujua kwamba walikuwa wanashangilia kuumia kwangu. Nimemwambia hata mimi sikujua. Nampenda sana mtu huyu.

Tarehe 9 Aprili

Leo nimewaka.

Mvua ilinyesha mpaka maji yakafika kwenye vifundo pale getini, na sote tukakwama kwenye baraza la kliniki. Humo alikuwemo Tarumbeta. Tarumbeta ndiye mkunga aliyenizalisha Chiriku, na sauti yake inavuka kuta. Wanawake wanampenda na sishangai. Anawafuta jasho, anawatania, anakumbuka hata majina ya waume zao. Mimi nimekuwa nikimkwepa tangu Machi. Nikimwona kwenye korido, ghafla nakumbuka nina haja ya kwenda msalani. Leo hapakuwa na pa kukimbilia.

"Jamani, huyu!" akanishika bega mbele ya baraza zima. "Mnamwona huyu mwalimu wa udereva? Bingwa! Mimba ya kwanza, nikamwambia sukuma, akasukuma kama trekta! Mtoto huyo! Na nyie siku zenu zikifika, fanyeni kama bingwa huyu."

Wanawake wakanipigia makofi. Makofi yale yale.

Sikupanga kusema. Maneno yalitoka yenyewe. "Waambie na yaliyofuata," nikasema. "Waambie bingwa alikalia mto mwaka mzima. Waambie bingwa alikuwa hawezi kwenda harusini kwa sababu hajui kitakachomtoka akisimama. Waambie siku moja bingwa alimwacha mwanafunzi peke yake kwenye gari kando ya barabara, akakimbilia kwenye choo cha duka, na hakuwahi." Nilisema yote. Dada mmoja mwenye mimba changa aliziba mdomo kwa kanga.

Tarumbeta aliutoa mkono begani kwangu. "Najua ulishonwa," akasema. "Daktari alipoingia mimi niliitwa kitanda cha pili. Yaliyofuata sikuyajua."

"Hukuuliza."

"Hukurudi."

"Ningerudije? Nije niseme nini mbele ya watu, kwamba najinyea?"

Tarumbeta alinywea, mwanamke mkubwa vile. Kisha akasema kwa sauti ambayo sikujua kama anayo, "Nimezalisha wanawake wangapi mimi, na hakuna hata mmoja aliyerudi kuniambia. Nilikuwa naona hawarudi, nasema moyoni, basi, wako salama." Akaingia ndani.

Mama aliyekaa jirani yangu akaninong'oneza, "Mwenzangu, umemwaga mtama penye kuku wengi."

"Acha wale," nikamjibu. Lakini nilipofika nyumbani nililala na viatu.

Tarehe 10 Aprili

Najuta. Sijuti. Najuta kidogo.

Tarehe 16 Aprili

Darasani leo, mkeka wa nyuma kabisa, nani amekaa? Tarumbeta, na sare yake ya kazi. Nilidhani amekuja kunisema. Hakunitazama hata mara moja. Alimtazama mwanasesere na sweta yake kama aliyeletewa mtihani. Mwishoni akanyoosha mkono, yeye, mkunga mzima, katikati ya wateja wake.

"Mimi nikinyamaza, mama atajuaje kwamba niko naye?"

Kimya alifikiri. "Mkono wako atausikia," akasema. Kisha akaongeza, "Na sauti yako ni nzuri, dada. Iteremshe tu."

Sijawahi kumsikia Kimya akimsifu mtu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, nami nilidhani wanasema juu ya ugomvi. Mwanamke huyu nilimwona jiwe, kumbe alikuwa ananisikiliza. Ule "Mh" wa Machi sasa nauelewa.

Tarehe 20 Aprili

Mama mkwe amewasili kutusaidia, na mabegi matatu na maoni saba. Chupa ya mafuta kando ya kitanda imeshahamishiwa jikoni. Sikumwambia chochote. Jioni tumekula chakula kilichokaangwa nayo.

Tarehe 23 Aprili

Mabaya. Kimya anakwenda likizo Jumatatu. Binti yake mwenyewe anajifungua mji mwingine, na yeye ni mama kabla ya kuwa mkunga. Atarudi mwishoni mwa Mei. Nilimuuliza nani atakuwa leba. Akasema, "Tarumbeta." Nikasema, "Mh."

Nililia kwenye gari, na mhasibu amekaa kwenye usukani hajui akanyage klachi au anipe leso. Alinipa leso, gari likazimika.

Nyumbani nilisema nitachagua upasuaji. Mama mkwe akaweka kikombe chini. "Mwanangu, uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Sisi tulisukuma. Tulikunja meno tukasukuma, na tuko hapa. Siku hizi mnapuliza puliza kama mnazima mishumaa, na mkishindwa mnataka kisu."

"Mama, mimi nilishasukuma. Nilisukuma kama ulivyonifundisha."

"Na ukazaa."

"Na nikachanika."

"Nani hakuchanika?" akasema, akaenda kufua nguo ambazo zilikuwa zimeshafuliwa. Hatujasemezana tena leo. Nina hasira naye mpaka kalamu imetoboa karatasi.

Tarehe 25 Aprili

Nimepiga moyo konde nikaenda kumwona Tarumbeta. Nilimkuta kwenye chumba cha chai. Nilimuuliza kavu kavu, bila hata habari za asubuhi. "Siku yangu ikifika, utaweza?"

Hakukasirika. Akanisimulia. Tangu siku ile ya baraza amezalisha mara kadhaa Kimya akiwa amesimama nyuma yake. Kwa mama wa kwanza alipiga kelele kwa mazoea. Kwa wa pili alijiuma ulimi mpaka ukatoka damu. Baada ya hapo mikono ikaanza kuelewa. Wawili walichanika kidogo, wakashonwa kidogo, na kila mmoja amemwambia arudi amweleze anavyoendelea. "Nataka kuambiwa," akasema. "Nimechoka kupigiwa makofi."

"Na mambo yakiharibika?"

"Nitakwambia wewe kwanza, kisha daktari. Yuko jengo la pili. Na ukichagua upasuaji, mwalimu, sitakuona mwoga. Nitakuja wodini kukusalimia."

Hilo la mwisho ndilo lililonifungua. Aliyeniachia mlango wazi ndiye niliyeweza kumwamini. Nimempigia daktari simu. Njia ya kawaida, pamoja na Tarumbeta. Bado naogopa, lakini sasa naogopa nikiwa na mpango.

Tarehe 30 Aprili

Nimemrudishia mume wangu chupa ya alizeti. Mama mkwe ameona, amekohoa tu.

Tarehe 5 Mei

Amezaliwa jana. Mvulana. Naandika nimekaa. Narudia: naandika nimekaa, bila mto.

Uchungu ulinianzia kazini. Ndiyo, nilikuwa kazini, na kila mtu ameshanisema, kwa hiyo daftari usiniseme na wewe. Nilimwambia mhasibu, "Tunaelekea hospitali." Akasema, "Mwalimu, kuna mizunguko miwili!" Nikasema nikipata uchungu mwingine kabla hajaivuka nitamzalia kitini. Akaivuka. Mvua imefunga, waipa zinafanya kazi, indiketa mahali pake, na mguu wangu haukugusa breki. Pale mlangoni akauliza, "Nimefaulu?" Nikamwambia amefaulu, nikashuka nikiushika ukuta.

Mume wangu alikuwa mbali hotelini, kwa hiyo mama mkwe ndiye aliyewahi kufika na kuingia nami. Mtoto wa pili hana subira. Tarumbeta akanilaza ubavu wa kushoto, akanisaidia kuinua mguu wa juu. Uchungu wa kusukuma ulipokuja nilisukuma kidogo kidogo, kila mara navuta pumzi. Ukaja ule moto. Wanaoujua wanaujua. Mtoto amefika mlangoni na mwili mzima unakuambia maliza, maliza sasa hivi.

Mama mkwe akasimama. "Sukuma, mwanangu! Sukuma!"

Na mimi, baada ya masika mazima ya kujifunza, nikabana pumzi. Mazoea ni kitu kibaya sana. Nilishakunja meno.

Tarumbeta hakupaza sauti. Aligeuka kwa mama mkwe. "Mama, nisaidie. Beseni lile lina maji ya moto. Kamua kitambaa unipe, kikipoa kamua kingine. Wewe ndiye mkono wangu wa tatu." Mama mkwe, ambaye hajawahi kupewa kazi akaikataa, akashika beseni. Kisha Tarumbeta akaniinamia sikioni. Kitambaa kilikuwa cha moto, na mkono wake ulikuwa juu yake, imara.

"Mwalimu," akanong'ona. "Gari liko kwenye mteremko. Linashuka lenyewe. Ukikanyaga mafuta sasa, tutagonga. Toa mguu."

Nikatoa mguu. Nikapuliza. Nilipuliza kama aliyepewa chai ya moto na wageni wanamsubiri. "Hapo hapo," alinong'ona. "Puliza. Msamba unafuata. Nauona, unafuata. Puliza tena." Mama mkwe anakamua, anatoa, anakamua. Sijui ilichukua muda gani. Najua kwamba kwa mara ya kwanza nilisikia kichwa cha mwanangu kikipita, sehemu kwa sehemu, na mimi nipo, sijakimbia mwili wangu. Kisha Tarumbeta akasema nisukume kidogo sana, kama nanyanyua unyoya, na mabega yakatoka, na mtoto mzima akatua mkononi mwake, kisha kifuani pangu, analia kwa hasira za familia yetu.

Nilikuwa naogopa kuuliza. Tarumbeta alikagua kwa taa, taratibu, mpaka ndani kwenye ile misuli, akaniambia kila anachofanya kabla ya kukifanya. "Mchubuko mdogo upande mmoja," akasema. "Hauhitaji uzi." Akaketi kwenye kiti, akavua glavu, akalia machozi. Mkunga mzima! Mimi nilikuwa nacheka. Mama mkwe alikuwa bado amesimama na kitambaa mkononi, kimeshapoa, anamtazama Tarumbeta kwa namna ambayo sikuielewa.

Tarehe 8 Mei

Nimekwenda chooni. Ni habari ndogo kwa dunia nzima, isipokuwa kwangu. Salama.

Tarehe 21 Mei

Chiriku anataka kujua mtoto atarudishwa lini. Mume wangu amerudi kazini, amesahau chumvi kwenye supu ya wageni themanini.

Tarehe 2 Juni

Mhasibu amepata leseni. Amekuja kunionyesha. Ameliegesha gari lake juu ya maua yangu.

Tarehe 18 Juni

Mvua zimekatika. Njia ya kwenda kliniki imekauka, vumbi limeanza. Nilikwenda kupimwa, na mama mkwe akasema atanisindikiza ili ambebe mtoto. Tangu siku ya kuzaliwa mjukuu wake amekuwa mpole mpaka mume wangu ameniuliza kama anaumwa.

Tarumbeta sasa ana utaratibu wake. Kila aliyejifungua mikononi mwake lazima arudi, na yeye hufunga mlango na kuuliza wazi, bila kuzunguka. Aliniuliza kama nazuia upepo. Nazuia. Haja? Nazuia. Nikikohoa, nikicheka, nikimnyanyua Chiriku? Salama. Alinipima, akasema misuli yangu iko imara, niendelee na mazoezi ya kuikaza. Nilimshukuru mara tatu.

Kisha akamgeukia mama mkwe. "Na wewe, Mama? Uko salama?"

Nilijua jibu linalokuja. Mama mkwe ana jibu la kila kitu. "Mimi?" akasema. "Mtoto wangu wa mwisho ni baba wa huyu. Ana mvi."

"Najua," akasema Tarumbeta. "Nakuuliza wewe."

Akanyamaza. Tarumbeta huyo, akanyamaza na kusubiri. Mama mkwe aliutazama mlango, akanitazama mimi, akaitazama mikono yake. Kisha akasimama akanikabidhi mtoto.

"Nenda naye nje, mwanangu," akasema. "Funga mlango."

Nilikaa barazani na mwanangu kifuani. Sikusikia kitu kutoka ndani, na sikutaka kusikia. Nilihesabu tu umri wa mume wangu, na nikafikiria miaka yote hiyo, na mwanamke huyu akifua nguo ambazo sote tulidhani zimeshafuliwa. Hasira zangu za Aprili zilinitoka zote, nikabaki na aibu, na baada ya aibu nikabaki na huruma tu.

Alipotoka macho yalikuwa mekundu na kanga ameifunga upya. Akamchukua mjukuu wake mikononi mwangu, akatangulia kuelekea kwenye gari.

"Alhamisi ijayo utanileta tena," akasema bila kugeuka. "Kuna daktari anataka nimwone, na kuna mazoezi. Anasema hata kwa umri wangu yanasaidia."

Nikamwambia nitamleta kila Alhamisi.